Zubeda na Kipindi cha Hesabu

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi kuifanya kazi niliyoiacha, kila tukikutana mnaniuliza swali lile lile, nami kila mara naligeuza mzaha. Mnauliza: mwalimu wa kuzunguka abebe nini mkobani? Leo nitawajibu. Ila mjue kwamba mkiniuliza ya mkobani mtapewa na ya moyoni, maana mtu akishastaafu hana mkuu wa shule wa kumkatiza.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, mwalimu wa kuzunguka ni mwalimu wa elimu maalumu asiye na darasa lake. Wanafunzi wake wasioona wametawanyika katika shule za kawaida, mmoja hapa, wawili kule, naye huwafuata huko huko waliko. Anawaandikia vitabu kwa nukta nundu, yale maandishi ya vitone yanayosomwa kwa vidole. Anawachorea michoro inayoshikika, anawaelekeza walimu wengine, halafu anakwenda shule nyingine akaanze upya. Mimi, Kadzo, Mgiriama wa Kaloleni, nilikuja Mombasa nikidhani nitakaa mwaka mmoja, nikakizunguka kisiwa hiki mpaka nikajua kila fundi viatu kwa jina. Nilipanga Buxton, katika zile nyumba za zamani kabla hazijavunjwa, na asubuhi nilitoka pale na mkoba mkubwa hata jirani yangu alizoea kuniuliza kama nimefukuzwa na mume.

Basi, mkobani. Chukueni kigurudumu cha fundi cherehani, kile chenye meno anachotumia kuhamisha alama za mshono. Ukikipitisha nyuma ya karatasi ngumu, upande wa pili hutokea mstari wa vitone, na mstari huo ndio pembetatu yako, ndio mhimili wako wa grafu, ndio mto Tana kwenye ramani. Karatasi iwe ngumu kweli. Mimi nilikuwa nashuka mpaka Shimanzi, kwenye maghala, nakwepa malori huku makuli wananiita shangazi, naomba maboksi yaliyotumika. Walinizoea. Walikuwa wananiwekea yale yasiyolowa, na mmoja aliniuliza kama nahama nyumba kila mwezi.

Uzi wa kushonea viatu pia muwe nao, kwa mistari minene. Na gundi. Hapa nawaonya: gundi ya dukani, si uji wa unga. Mwaka wangu wa kwanza niliona gundi ghali, nikapika uji mzito wa ngano nikabandikia nyuzi kwenye michoro ya muhula mzima. Nikaipanga kabatini vizuri. Niliporudi kutoka likizo panya walikuwa wamekula jometri yote, wakabakiza duara moja ambalo nadhani liliwashinda kwa sababu halina pembe ya kuanzia.

Aliyenicheka zaidi ni Mwalimu Mbaruk, aliyenifundisha kazi. Yeye mwenyewe alikuwa haoni tangu utotoni, na nilipofika alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili ya mbuzi. Kila mchoro nilioumaliza ilinibidi nimpelekee aupitishie kidole.

"Kadzo, hii ni pembetatu ama ni mahamri?"

"Ni pembetatu, mwalimu."

"Basi imeumuka. Kaifanye tena."

Nilikasirika siku ile, nikamwambia mbona ukiutazama mchoro umenyooka sawasawa. Akacheka mpaka akatoa leso. Akaniambia hapo ndipo nilipokosea: nimeutazama. Alinifundisha kufumba macho na kusoma kazi yangu kwa kidole kabla ya kumpa mtoto, na mpaka leo nikishika kitambaa sokoni hufumba macho bila kujua, wauzaji wakadhani naomba dua nipunguziwe bei.

Vigurudumu nilivinunua mtaa wa Ndia Kuu, katika duka la vitambaa la Bwana Yusuf. Alikuwa Mhindi Mwislamu, babu yake alizaliwa mtaa ule ule, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita kuliko cha wengi wanaojiita wenyeji. Siku hiyo nilitaka vigurudumu vingi kwa pamoja. Akaniuliza nina mafundi wangapi. Nikamwambia sina fundi hata mmoja, nikamweleza kazi yangu. Akageuka akaita ndani, nyuma ya pazia.

"Zubeda! Hebu ndoo umwamkie mwalimu."

Akatoka msichana wa miaka kumi na minne hivi, mkono mmoja ukifuata ukingo wa marobota ya nguo. Alikuwa amerudi karibuni kutoka shule ya bweni ya wasioona, amemaliza msingi, na baba yake hakutaka tena akae mbali. Baada ya hapo hakuna aliyejua afanye nini.

"Mato ndiyo hayaoni," Bwana Yusuf akaniambia, "lakini kitwa kizima. Mwulize hesabu yoyote."

Sikuuliza. Zubeda mwenyewe ndiye aliyeniuliza, kwa adabu, baada ya kuniamkia na kuulizia watu wangu wa nyumbani wote. Aliuliza kama shule ya kawaida ina hesabu za kweli ama zile za kupewa mtu asiyeona ili asilie.

"Za kweli," nikamwambia.

"Basi nataka hizo. Nataka nisome uhasibu."

Mngeiona furaha yangu. Maana wakati huo Katiba mpya ilikuwa mikononi mwetu, na kabla yake kulikuwa na sheria ya watu wenye ulemavu, nami nilikuwa nimetoa nakala za vifungu vinavyohusu elimu nikavitia kwenye mfuko wa plastiki visilowe jasho. Sheria inasema shule isimkatae mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Inazitaka pia shule zizingatie mahitaji yake katika masomo, katika vifaa, katika mitihani. Nilikuwa nimevikariri vifungu hivyo kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi. Nikavaa viatu vyangu vizuri, nikaenda kwenye shule ya upili ya wasichana ambayo jina lake naliacha, tayari kumwaga maneno mezani kwa Mwalimu Mkuu.

Hakukuwa na ugomvi wowote. Mwalimu Mkuu, mama mmoja wa hapa hapa Mombasa, mpole, mwenye buibui safi na sauti ya taratibu, alinikaribisha, akaniagizia chai na viazi vya karai, akaniuliza habari za Kaloleni. Nilipofika kwenye sheria akaniinulia mkono.

"Mwalimu Kadzo, hayo yote ya nini? Mtoto ni wetu. Mlete."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Sasa nikiikumbuka furaha ile huwa nasikia uchungu, na nitawaambia kwa nini.

Mama yake Zubeda ndiye aliyetuchekesha mwanzoni. Nilikuwa nimemwandalia mwanawe kurasa nyingi za nukta nundu, sura nzima ya aljebra, kazi ya wiki kadhaa. Mama akaziona zimejaa vijivimbe, akaona aibu mtoto aende shule ya watu na makaratasi yaliyokunjamana. Akawasha pasi. Zubeda alizifungua kesho yake mbele yangu, akapapasa ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaniambia kwa mshangao, "Mwalimu, leo hukuandika kitu?" Zilikuwa zimelainika kama shuka za Idi. Mama wa watu alilia kuliko sisi. Nikamwambia asijali, na mwezi uliofuata nikaziandika upya, na tangu siku hiyo nikawa nawaambia wazazi mapema: zile nundu ndizo maandishi, zisipigwe pasi, zisiwekewe mizigo juu, zisilaliwe. Andikeni hilo nanyi. Upendo wa mama una joto jingi.

Mwalimu wa hesabu aliitwa Mutua. Alikuwa kijana mzuri, mwoga kidogo. Wiki za mwanzo alifundisha alivyozoea, anaelekea ubaoni anasema, "Hii ukiitoa hapa ukaipeleka huku, inabaki hii." Zubeda akainua mkono.

"Samahani mwalimu, hii ni ipi?"

Darasa likacheka, Mutua akaona amedharauliwa. Nilikaa naye chini ya ngazi wakati wa mapumziko. Nikamwambia: kila unachoandika, kitamke. Usiseme hii, sema eksi. Usiseme huku, sema upande wa kulia wa alama ya sawasawa. Akaniuliza atamaliza lini silabasi kwa mwendo huo. Lakini alijaribu. Na baada ya muda aliniambia kwa siri kwamba hata wale wanaoona, wa kiti cha nyuma, wameanza kuelewa, maana kumbe nao "hii" hawakuwahi kuijua ni ipi. Kwa hiyo Mutua msimlaumu. Alikuwa tayari kufundisha, na Zubeda alikuwa tayari kusoma, na mimi nilikuwa tayari na vigurudumu vyangu. Kilichokosekana ni Zubeda kuwa darasani.

Zubeda alikuwa na sauti. Sijui niielezeje. Shuleni waliigundua siku ya Maulidi, aliposimama akasoma kasida, na walimu waliokuwa wakinong'onezana huko nyuma wakanyamaza. Mgeni rasmi alifuta machozi. Bwana Yusuf aliyekuwa ameketi na wazazi wanaume alishikwa mkono na watu ambao miaka yote walipita dukani kwake bila kujua ana binti. Kuanzia hapo mtaani wakamwita baba Zubeda. Alitembea Ndia Kuu kifua mbele, na mimi nilifurahi naye, msidhani sikufurahi.

Lakini sauti inataka mazoezi. Na mazoezi yanataka saa. Mwalimu wa kasida akatafuta kwenye ratiba saa ambayo Zubeda akitolewa hatapoteza kitu, akaona Kiswahili hapana, huko anaongoza, dini hapana, historia hapana. Hesabu ndiyo yenye michoro na ubao, na mtoto haoni ubao. Basi akitolewa saa hiyo hasara yake ni ndogo. Hawakukaa kikao kuamua hivyo. Ilionekana tu ni jambo la busara, tena la huruma, mtoto wa watu asikae akiumia kichwa kwa vitu asivyoviona.

Mimi nilikuwa nafika shule ile siku moja kwa wiki, na siku yangu haikuwa na kipindi cha hesabu. Nilimkuta Zubeda maktabani, tukasoma kile tulichosoma, na akawa anabaki nyuma nisijue kwa nini. Nilidhani ni michoro yangu. Nikaifanya upya, nikafumba macho, nikaipapasa, nikamkumbuka Mbaruk na mahamri yake. Mpaka siku moja nikamwuliza Zubeda waziwazi: Mutua alisema nini juu ya mada ile?

"Sijui, mwalimu. Nikirudi huwa wameshamaliza."

"Ukirudi kutoka wapi?"

Akanieleza. Akaniambia kila akikaribia mlango wa darasa husikia kifutio kikipita ubaoni, fyu, fyu, na hapo hujua kipindi kimekwisha. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayekuelezea njia ya kwenda sokoni.

"Na wewe hupendi kuimba?"

"Napenda sana. Lakini kuimba, mwalimu, naimba hata nikiosha vyombo. Hesabu siwezi kuifanya peke yangu."

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu siku hiyo hiyo na mfuko wangu wa plastiki. Chai ikaja, viazi vikaja. Nikamsomea vifungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, kwa upole uleule, ni kifungu gani walichokivunja. Mtoto hakukataliwa. Yupo darasa moja na wenzake, anakaa kiti cha mbele, anaheshimiwa, shule nzima inamjua kwa jina, na wapo wanaoona ambao hata yeye mwenyewe hajui majina yao. "Sisi hatukumbagua hata siku moja," akasema, na ilikuwa kweli, na macho yake yalinionyesha kwamba nimemuumiza.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimejifunza sheria kwa ajili ya watu wabaya. Mtu akikufungia mlango, unaichukua sheria unambishia nayo. Sasa huyu aliyekufungulia mlango, akakupa chai, akampenda mtoto wako, unamshtaki kwa lipi? Nilimjibu kwamba kuwa shuleni ni kitu kimoja na kupata somo ni kitu kingine, kwamba sheria iliposema masomo haikusema kiti. Nilijibu vizuri, nadhani. Lakini nilijibu kwa sauti ya kubembeleza, maana ni vigumu kupandisha sauti huku mdomo una kiazi cha mwenyeji wako.

Tukaitisha kikao na mzazi. Bwana Yusuf alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Nikamweleza kwamba bila alama ya hesabu chuo hakitampokea Zubeda kwa uhasibu. Akanigeukia.

"Mwalimu, nisikize. Mwanangu alikaa nyuma ya pazia la duka miaka. Watu hawamjui. Leo akipita, watu wainuka. Nawe wataka nimwambie anyamaze?"

"Sitaki anyamaze, Bwana Yusuf. Nataka aimbe saa nyingine."

Zubeda alikuwepo. Aliomba ruhusa, akasema, "Baba, nambia. Wewe mtu akija dukani kununua kitambaa, ukamwimbia, atakwenda zake na nini?"

Baba yake alicheka, wote tukacheka, na kikao kikakubaliana: mazoezi yahamishiwe jioni baada ya masomo. Nilitoka pale nikihisi nimeshinda kesi mahakamani.

Makubaliano yale hayakuvunjwa na mtu. Yaliliwa tu, kama panya walivyokula jometri yangu. Wiki mbili tatu yalishika. Halafu wakaja wageni wa elimu, ikabidi Zubeda atolewe, leo tu. Halafu tamasha la shule likakaribia na jioni hazikutosha, basi leo tu. Halafu akafiwa mwalimu mmoja na shule ikaenda kumpa pole, na nani mwingine angesoma dua ikawaingia watu moyoni? Basi leo tu. Kila leo ilikuwa na sababu ambayo ukiikataa unaonekana huna utu. Nilipowalalamikia waliniomba radhi kwa dhati kabisa. Nilikuwa na shule nyingine, watoto wengine, na mmoja wao mkuu wake alikuwa akimkataa waziwazi, kwa hiyo nikakimbilia huko ambako kulikuwa na moto wa kuonekana. Miaka minne hupita upesi kwa mtindo huo.

Alifaulu. Mngesikia alama zake za Kiswahili na za dini mngempigia vigelegele. Ya hesabu ilikuwa ya chini kabisa, na chuoni, ambako nilimsindikiza mimi mwenyewe, walitupokea kwa heshima, wakatupa viti na maji baridi, wakatueleza kwamba kozi ile inataka alama ya hesabu, wakamshauri achukue muziki. Zubeda akawashukuru. Barabarani alinishika mkono, na tulipofika karibu na duka lao akaniuliza kama mtu anaweza kurudia. Nikamwambia anaweza. Lakini baba yake alikuwa amechoka, na mialiko ya harusi ilikuwa mingi, na ndugu yake mdogo alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Hakurudia.

Yupo dukani mpaka leo. Anapima kitambaa kwa mkono, hakosei. Vitabu vya hesabu za duka anavishika yule ndugu yake aliyekwenda chuo, kijana mwema, naye Zubeda humsahihisha kwa kichwa akiwa upande wa pili wa kaunta. Tukikutana hunikatia kipande cha doti moja zaidi na hakubali nikirudishe. Sijawahi kumsikia akilaumu. Mimi ndiye ninayelaumu, na wa kumlaumu simpati, wote walikuwa watu wazuri. Hilo ndilo linaloniuma. Watu wabaya niliwashinda wengi, vijana wangu. Hawa wazuri wamenishinda.

Kwa hiyo nikisema mkobani muweke vigurudumu na gundi ya dukani, nasema kweli. Na sheria ibebeni, hata zile mpya zinazokuja, zisomeni mpaka mzijue. Lakini mkifika shule, kabla hamjaketi, kabla hamjainua kikombe, ulizeni: saa hii mtoto wangu ana kipindi gani, na yuko wapi? Halafu msimame mkamwone kwa macho yenu. Msiangalie kiti chake. Angalieni kama anafundishwa. Chai itawasubiri, na ikipoa si neno.

Nilistaafu, kama mjuavyo, na shule ile ile ndiyo iliyoniandalia hafla ya kuniaga. Mwalimu Mkuu sasa ni mwingine, mpole vilevile. Walipamba ukumbi, wakapika biriani, wakanivisha shada la asumini na leso mpya mabegani. Niliomba Zubeda aalikwe, akaja, akaketi karibu yangu akinukia udi. Hotuba zilikuwa nyingi na zote ziliniongopea vizuri.

Kisha mshereheshaji akasema kuna zawadi maalumu. Akaletwa jukwaani msichana wa kidato cha pili, Halima, mwanafunzi mpya asiyeona, niliyeanza kumwandikia vitabu muhula wangu wa mwisho. Akashikishwa kipaza sauti. Akaniimbia kasida ya kuniaga, yenye jina langu ndani yake, na jinsi nilivyowafungulia wasioona milango. Sauti yake ilikuwa changa bado, lakini tamu. Walimu walianza kufuta machozi. Nami yalinijaa, siwafichi.

Zubeda akaniinamia sikioni.

"Mwalimu. Kengele ya baada ya mapumziko imelia kitambo. Kidato cha pili wana kipindi gani sasa hivi?"

Nilimgeukia mwalimu aliyeketi upande wangu wa pili, nikamwuliza. Akatabasamu.

"Hesabu. Lakini usijali mwalimu, tumemwombea ruhusa."

Sikungoja beti za mwisho. Mkiambiwa kwamba Mwalimu Kadzo aliwaaibisha wenyeji wake siku ya kuagwa, ni kweli, niliinuka shada shingoni nikapanda jukwaani, nikamshika Halima mkono, nikamwambia twende darasani. Zubeda alikuwa amekwishasimama, akanishika bega, tukatoka watatu kwa mnyororo, tukapita ua, tukapanda ngazi. Goti langu si la kupanda ngazi tena. Niliwaharakisha nilivyoweza.

Hatukuwa tumefika mlangoni Zubeda aliposimama ghafla, vidole vyake vikanibana begani. Akainua uso, akasikiliza. Mimi nilichukua muda kidogo zaidi kuisikia: fyu, fyu, fyu, kifutio kinapita ubaoni.

"Yuwafuta," akasema.

Tulibaki pale kwenye ujia. Halima ndiye aliyetafuta mkono wangu, akaupapasa polepole kama unavyombembeleza mtoto aliyeanguka.

"Usihuzunike, bibi," akaniambia. "Mwalimu Mkuu amenambia ni leo tu."